Miti ya Asili, Inaita Ndege

Kosa lilikuwa la ubao. Aikande alikuwa ameandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwakubwa za mtu aliyemaliza darasa la saba na kulimaliza vizuri: MITI YA ASILI INAYOITA NDEGE BUSTANINI. Karatasi hiyo akampa Shamsudin, fundi wa kuandika vibao pale Olasiti, pamoja na ubao uliotoka kwenye kitanda kilichovunjika. Shamsudin akapima kwa macho, akaanza na herufi nene za kijani, na alipofika katikati nafasi ikamwishia. Mtu mwingine angefuta aanze upya. Shamsudin yeye alipunguza maneno. Kibao kikarudi kimeandikwa: MITI YA ASILI. INAITA NDEGE. Chini yake, bila kuombwa na mtu, akachora ndege mweusi mwenye macho ya mviringo.

"Na bustani iko wapi?" Aikande aliuliza.

"Mama Hope, bustani si inaonekana? Mtu akisimama hapa anaiona."

Aikande akaona fundi ana hoja. Kibao kikapigiliwa kwenye nguzo mbele ya kitalu chake, kando ya barabara ya vumbi, na tangu siku hiyo hakupumua.

Hebu kisome mwenyewe, halafu useme. Hapa mjini kwetu neno asili halitembei peke yake, linatembea na dawa. Dawa ya asili, tiba ya asili. Na kuita je? Kuita kunabandikwa kwenye nguzo za umeme pamoja na namba ya simu: tunamwita mume aliyetoroka, tunaita wateja, tunaita bahati iliyopotea. Bado ndege. Hapo ndipo jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Arafa, mzaliwa wa Tanga na muuza vitumbua, alipomtolea uvivu.

"Shoga, umeandika nini hapo?"

"Miti."

"Miti gani. Kwetu sisi ndege si wa manyoya tu. Mtu akitoka kwenda safari akakutana na jambo baya mlangoni, anasema leo nimepata ndege mbaya, anarudi ndani anavua viatu. Wewe unatangaza unaita ndege, mwema au mbaya hukusema. Na huyo uliyechorewa ni bundi kabisa."

"Ni chozi, ndege wa kunyonya maua."

"Chozi gani mwenye macho kama visosi?"

Vijana wa bodaboda nao walikuwa na ndege yao, ile inayotua kiwanja cha Kisongo. Kila wakipita walipunguza mwendo. "Mama, niitie ya Dar ya saa nane, nimechelewa." Aikande aliwajibu kwamba kwa mavumbi yale hata punda wa Kikatiti asingekubali kuwapakia. Yeye kwao ndiko Kikatiti, anawajua punda wake.

Wateja wakaanza kuja, na hakuna aliyetaka mti. Mzee mmoja alitoka Nduruma asubuhi na mapema kufuata magome ya mgongo. Mwanamama mmoja alishuka kwenye gari zuri, akavuta kiti karibu, akauliza kwa sauti ya chini kama bei ya kumrudisha mtu ni ileile aliye Mwanza na aliye Arusha. Na binti mmoja alilia kabla hajasalimia. Huyo Aikande alimwonea huruma. Alimpa maji, akamwacha amalize, kisha akamkabidhi mche wa mringaringa.

"Huu haukuletei mwanamume," alimwambia. "Lakini ukitoa maua yake meupe, chozi watajaa hapo tangu asubuhi, na wewe utakuwa na kitu cha kutazama zaidi ya simu."

Binti akauchukua. Wiki hiyohiyo akaja afisa mmoja na kabrasha kwapani kuulizia cheti cha uganga. Aikande alimtembeza kitalu kizima, mche kwa mche, saa nzima juani, mpaka yule bwana akaomba mwenyewe kuondoka.

Aikande ana miaka sitini na mmoja, mjane. Kaanaeli, mumewe, alimwachia mtoto mmoja, Hope, ambaye sasa ni muuguzi Dodoma, na kiwanja cha hatua ishirini kwa thelathini wakati Olasiti bado ni mashamba ya maharage. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye shamba la maua ya waridi, moja kati ya yale yaliyokufa yakabaki vyuma na nailoni zilizochanika. Huko ndiko alikojifunza kukata pingili, kuchanganya udongo na kumwagilia bila kuuchosha mche. Shamba lilipofungwa alirudi nyumbani, akaangalia kiwanja chake kitupu, akaanza kupanda. Wenzake walikuwa wanapanda miashoki iliyonyooka na mipalmu, wanamwaga zege au kutandaza kokoto nyeupe. Walimwambia anarudisha pori mjini. Akasema ndiyo, analirudisha, kwani lilimkosea nani?

Na hakupanda ovyo. Wapo wanaodhani kuvuta ndege ni kuweka ua la kupendeza na kusubiri. Aikande alikaa mwaka mzima na daftari la Hope la sekondari, anaandika mwezi na kinacholiwa. Alipogundua kuwa mwezi wa nane na wa tisa, ukavu ukiwa umekaza, ndege hawana pa kula, alizunguka vijiji vya mlimani juu kule, upande wa Meru, kuuliza mti gani huzaa wakati huo. Wazee walimshangaa. Wao walizoea kuulizwa mti gani unatoa mbao.

"Usipande kwa sura," huwaambia watu. "Panda kwa mwezi. Mgeni wako atakula nini mwezi wa tisa?"

Kwa hiyo uwani kwake kuna mkuyu, kwa sababu mkuyu haujui likizo. Kuna msesewe, uleule ambao gome lake Wachaga hutilia pombe yao ya mbege, ila yeye anautaka kwa ajili ya matunda, maana ukizaa hata hondohondo wanatelemka kutoka msituni na makelele yao. Kando ya ukuta ameweka masale, si ya mpaka tu, bali kwa sababu ya vile vitunda vyake vya rangi ya chungwa ambavyo shorwe hawavipi nafasi ya kuiva. Mbele kuna mishubiri, na kati yake yale maua ambayo rafiki yake Nasieku, Mmaasai muuza maziwa, huyaita olbibi, yanayopanda kwa vituo kwenye bua moja, na chozi hutoka kituo hadi kituo wakinyonya. Mbegu aliletewa na Nasieku huyohuyo, zimefungwa kwenye pindo la shuka. Nasieku alicheka sana siku hiyo. Kwao hayo ni magugu ya kwenye boma lililohamwa.

Usimguse kwenye neno asili. Bwana mmoja aitwaye Hans, mhasibu, Mmachame mwenye nyumba mpya huko juu ya barabara, alikuja anataka mijakaranda sita, miti ya asili ya Arusha.

"Jakaranda si ya asili, baba. Ililetwa."

"Mama, mimi nimezaliwa hapa. Nimeikuta."

"Na mimi nimekukuta wewe. Haina maana ulitangulia kuumbwa." Kisha akapoa kidogo. "Ni mti mzuri, sikatai. Lakini ndege akitua pale anapumzika tu. Ni sebule isiyo na jiko."

Hans alinuna, akapiga kona na gari lake. Baada ya siku tatu alirudi, akachukua miringaringa miwili na msesewe mmoja, na tangu hapo ni rafiki. Ndivyo mama huyu anavyouza. Kwanza mnagombana.

Aliyeshindwa kugombana naye na kuyamaliza ni Mzee Ephraimu. Nyumba yake inapakana na ya Aikande kwa nyuma. Ni mzee wa kanisa kwenye usharika wao, mtu safi, na ua wake ni safi kuliko yeye: tofali za kupanga kutoka geti hadi jikoni, miashoki kumi na miwili iliyosimama kwa mstari, na gari jeupe linalooshwa kila Jumamosi. Ndege wakishashiba kwa Aikande, wanakwenda kupumzika kwenye waya juu ya gari hilo. Na tini za mkuyu zikipita tumboni mwa ninga, wale njiwa wa kijani, hazitoki nyeupe.

"Mama Hope, ndege wako," Ephraimu alilalamika, ameshika kitambaa.

"Si wangu, Mzee. Mimi ninawapikia tu. Wakitoka kwangu ni watu wazima."

Angekasirika hadharani kwa ajili ya gari lake tungemwelewa. Lakini mzee wa kanisa hawezi kusimama mbele za watu akasema amekasirika kwa sababu ya kinyesi cha ndege. Akatafuta sababu yenye heshima zaidi, na kibao kile cha Shamsudin kikampa. Kisha bundi akaja kweli. Akakaa kwenye mkuyu kwa sababu ya panya wa stoo ya mahindi ya Ephraimu mwenyewe, lakini nani alitaka kusikia habari za panya? Kwenye ibada ya jumuiya likaombwa ombi la kuvunja madhabahu za giza katika mtaa wetu, na wote waliofumba macho walijua ni nyumba ipi. Aikande alikuwa amekaa palepale katikati, naye amefumba macho. Alipoambiwa aitikie amina, hakuitikia.

Baada ya wiki mbili aliitwa kwenye baraza la wazee. Walikaa saba, na Mchungaji Abdiel, kijana mwenye umri wa kuwa mwanawe, alikaa pembeni akichezea kalamu. Ephraimu alisoma kutoka kwenye karatasi. Kwamba mshirika Aikande ametangaza uaguzi hadharani. Kwamba watu wameonekana wakiingia kwake wanalia na kutoka na majani. Kwamba ameotesha vichaka na kufuga bundi. Hivyo atang'oa kibao na vichaka vyote, na Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao atasimama mbele ya usharika, atubu dhambi ya ushirikina, na kurudishwa kundini. Asipofanya hivyo hatashiriki Meza ya Bwana, wala hataongoza tena kwaya ya akina mama, ambayo ameiongoza miaka kumi na nne.

"Mmewahi kuingia hapo ndani?" Aikande aliwauliza. "Hata mmoja wenu?"

Mchungaji akaiweka kalamu mezani.

"Hatuna haja ya kuingia mahali pa namna hiyo," alisema Ephraimu.

Alitoka pale bila kuaga. Alikuwa na hasira iliyomnyima hata chakula cha jioni. Kama wangemtoza faini, angeuza kitanda. Kama wangemtukana, angewarudishia, na chenji juu. Lakini Meza ile ndiyo iliyomshika alipomzika Kaanaeli, na sauti yake katika kwaya ndiyo kitu pekee ambacho hajawahi kukionea aibu. Walijua pa kumminya.

Hope alipiga simu kutoka Dodoma, maana umbea hauna nauli.

"Mama, si uombe tu samahani yaishe? Kibao ni kibao. Miti utapanda mingine."

"Mkuyu una miaka tisa, Hope."

"Najua, mama. Lakini ni miti."

"Nikisimama pale nikasema nilikuwa mchawi, nitakuwa nilikuwa mchawi. Wajukuu zako wataambiwa. Kutubu si kama shikamoo, mwanangu, hutoi tu kwa sababu mtu ni mkubwa."

Hope akasema atakuja Jumapili hiyo. Arafa, kwa upande wake, alileta vitumbua na ushauri: ahamie kwao, msikitini hawana kwaya wala hawana Ephraimu. Walicheka mpaka Aikande akafuta machozi. Kisha Arafa akaacha kucheka. "Utang'oa?" akauliza. Aikande alitazama nje. Kundi la kuzumburu, wale wa kijivu wenye mikia mirefu, lilikuwa linaning'inia kwenye masale likijilia. Aliwatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumapili ilipofika hakuwa ameng'oa hata jani. Kibao kilikuwa kimesimama palepale na bundi wake. Aikande alivaa sare ya kwaya, kitenge cha bluu na kilemba chake, ingawa aliyeitwa kutubu hutarajiwa aje na nguo za kawaida na kukaa benchi la nyuma. Benchi la nyuma alikaa. Hope alikaa naye, amemshika mkono. Kanisa lilijaa hadi nje, wapo waliotoka sharika za jirani, utadhani kuna harusi.

Mchungaji Abdiel alimwita kwa jina. Aikande akatembea ile njia ya katikati bila haraka, akasimama mbele, akawageukia watu badala ya madhabahu.

"Mshirika wetu Aikande," Mchungaji alianza, akisoma, "amekuja mbele zenu kutubu dhambi ya—"

"Naomba niseme mwenyewe, Mchungaji. Anayetubu ni mimi."

Abdiel alimtazama Ephraimu, kisha akaitazama karatasi, kisha akaikunja. Akatikisa kichwa kukubali.

"Mmenitaka nitubu habari ya ndege," Aikande alisema. Alikuwa na ile sauti ya kuanzishia wimbo, haihitaji kipaza sauti. "Nitatubu. Kule kwenye maua nilikuwa msimamizi wa dawa za kuua wadudu. Nje ya mabanda tulikuwa na vitalu vya wazi, na kuzumburu walikuwa wanakula machipukizi. Bosi akasema wamalizwe. Mimi nilikata mapapai, nikayapaka sumu kwa mkono wangu, nikayaweka juu ya nguzo. Asubuhi tuliokota. Si kuzumburu tu. Shorwe, ninga, na wengine ambao hata majina yao sikuyajua, nimekuja kuyajua juzi juzi. Wengine walikuwa bado wanapumua, nao niliwatia guniani. Nilifanya hivyo misimu sita. Nilipandishwa cheo kwa ajili hiyo."

Aliinua viganja vyake, watu wakaviona.

"Miaka hiyo nilikuja hapa kila Jumapili, nikala mkate, nikanywa kikombe, na mikono yangu ndiyo hiyohiyo. Hakuna aliyeniita baraza. Katika miaka hiyo ndipo mliponipa kwaya, na aliyesoma jina langu ni Mzee Ephraimu. Sasa nimeacha kuwaua, nawapandia chakula, ndipo nimekuwa mchawi." Alivuta pumzi. "Ile ya mapapai naitubu, na Mungu ananisikia. Ya miti sitaitubu. Leo sitaitubu, na mkinizika bila kengele sitaitubu. Na mtu asiniguse mkuyu wangu."

Kisha akafanya jambo lililowakata maneno kabisa. Hakurudi benchi la nyuma. Alikwenda mbele kulia, kwenye viti vya kwaya, hadi kwenye kiti chake, ambacho Rachel, msaidizi wake, alikuwa amekikalia wiki zote hizo. Rachel akakipisha kabla hajaombwa. Aikande akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo.

Mchungaji Abdiel alipekua kurasa. Kitabu cha ibada kilikuwa na swali la kuuliza usharika, kama wanampokea ndugu yao, na hakuwa na uhakika ni kwa lipi. Mwishowe hakuuliza. Alihubiri, kwa ufupi kuliko siku zote, kisha akaandaa Meza.

Safu ya kwaya ndiyo hutangulia. Aikande akainuka na wenzake, akapiga magoti, akakinga viganja. Abdiel alifika kwake akiwa na mkate, akasita. Waliokuwa nyuma walisimama kuona. Hope hakuweza kutazama, aliinamia magoti yake.

"Nasubiri, Mchungaji," Aikande alisema taratibu. "Mimi sina haraka."

Mkono wa kijana yule ulishuka. Akauweka mkate kwenye kiganja chake na kusema yale maneno yote, hata moja hakuliruka.

Aliyekuwa anafuata na kikombe ni Mzee Ephraimu. Alikuwa amevaa suti yake nyeusi, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Angeweza kumruka. Alikuwa na mahali pa kupita. Aikande aliinua uso, akamkazia macho, hakuyaondoa, wala Ephraimu hakuweza kuyaondoa yake. Kisha mzee yule akainama, akamnywesha.